Siku Domitila Alipokataa Kuonja

Wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya uuguzi kabla sijasahau, mkaniletea na daftari lenye picha ya mchezaji mpira kwenye jalada. Asanteni kwa daftari. Kuhusu kusahau msiwe na shaka. Mimi ni mtu wa wasiwasi, na mtu wa wasiwasi hasahau kitu. Hii ni wiki ya sita tangu nistaafu, na bado naamka asubuhi nikijiuliza kama nimefunga kabati la dawa. Halafu nakumbuka kwamba funguo anazo yule binti mwenye kucha ndefu, na wasiwasi unazidi.

Vyeo na barua za kupandishwa daraja nitaziruka, maana hazimponyi mtu. Nitaeleza nilivyoanza, kisha nitaeleza kifo kimoja.

Mimi ni mzaliwa wa Mabamba, kule Kibondo mpakani. Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati ya chuo kidogo cha ualimu, upande wa Makere, Kasulu. Chuo chenyewe sikitaji, na majina ya watu wote nimeyabadilisha. Domitila, mwenye habari hii, jina lake alilichagua mwenyewe. Anasema ndilo alilotaka kubatizwa, baba yake akakataa.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili na veranda. Aliyenipokea ni Mzee Ntakije, tabibu msaidizi, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililofika karibu na vifundo vya miguu. Siku hizo sindano zilikuwa za kioo, tukizichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na sindano ikiwa butu tunainoa kwenye jiwe. Siku yangu ya kwanza nilivunja bomba moja la kioo kabla ya saa nne asubuhi. Nilisimama pale nikingoja kufukuzwa. Mzee aliangalia vipande, akasema, "Yalikuwa manne. Sasa ni matatu. Ufagio uko nyuma ya mlango."

Alinifundisha mambo mengi, ila matatu ndiyo yanahusu habari hii. La kwanza, mnuse mgonjwa kabla hujamshika, kwa sababu pua ndiyo maabara yetu. La pili, mgonjwa akiletwa na ugonjwa usioeleweka, nguo zake na kila alichokuja nacho usifue wala usitupe; funga kwenye mfuko, weka kwenye debe, funika. Ndugu watalalamika, waache walalamike. La tatu lilikuwa daftari dogo la kijani alilolificha chini ya mashuka, la wagonjwa wenye magonjwa ya aibu. "Ukilifungua mbele ya mtu," alisema, "kesho yake hawaji tena hapa, wanakwenda kwa waganga wa kienyeji, wanafia huko." Alipostaafu aliniachia daftari lile na lile koti. Koti mimi lilinifika magotini, tena mimi ni mrefu.

Basi nilikuwa peke yangu na mhudumu mmoja wakati Domitila alipokuja.

Domitila alikuwa mpika pombe. Familia yake ilitoka Burundi yeye akiwa mgongoni mwa mama yake, wakapewa uraia, wakalima, akaolewa na Nestori, mfanyabiashara mdogo wa maharage aliyekuwa akienda na kurudi mpakani. Pombe yake ya mtama ilisifika kuliko ya Waha, wenyeji wenyewe, na hilo wengine hawakumsamehe. Jumatatu moja aliingia zahanati ameshika mwavuli na mvua hakuna. Akakaa mwisho wa benchi mpaka wenzake wote wakaisha.

Ugonjwa wenyewe siutaji. Itoshe kusema ni ule ambao hautibiwi mtu mmoja, na aliyeuleta nyumbani ndiye huyo huyo ambaye angemfukuza nao. Nilimwambia amlete mumewe. Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Nikampa vidonge vya siku saba, nikamkataza pombe.

"Hata kuonja, Sista?"

"Hata tone la ulimini. Utatapika mpaka uombe kufa."

Nje kulikuwa na watoto wa chanjo wanalia kama kwaya isiyo na mwalimu, na akili yangu ilikuwa huko. Nilijua kazi yake. Nilikuwa nimekunywa pombe yake mara ngapi sijui. Bado sikufikiri katazo lile linamaanisha nini kwa mwanamke kama yeye. Niliandika kwenye daftari la kijani, nikamwita mtoto wa kwanza.

Sasa nieleze desturi, kwa ajili ya ninyi mliotoka mbali. Huku kwetu anayekukaribisha pombe huonja kwanza yeye, mbele ya macho yako. Ndiko kusogongera. Anaingiza mrija kwenye mtungi, anavuta, anameza, ndipo anakupa wewe. Maana yake ni moja: sikuweka kitu humu. Hakuna anayelieleza jambo hili, kama ambavyo hakuna anayeeleza kwa nini mtu anabisha hodi.

Jumamosi ile wakufunzi walikuwa na sherehe ndogo ya kumaliza mitihani, mchana, nyuma ya bwalo. Domitila alileta mtungi wake mkubwa kichwani, akautua katikati. Mimi nilikuwepo, nimesimama karibu na mlango wa jiko. Wanaume walingoja. Domitila akafunua mtungi, akakoroga, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono.

"Mama, sogongera basi," mmoja akasema.

"Ninyi kunyweni tu."

 Domitila aliinua macho akaniangalia mimi, mara moja, halafu akatazama chini.  Nilifungua mdomo, na mbele ya watu thelathini sikupata hata neno moja ambalo lingemsaidia bila kumwaga siri yake. Mmoja akanong'ona, "Wakimbizi hawa," ingawa mwanamke yule alikuwa raia kama yeye.

Aliyemwokoa ni Mwalimu Ruhuza, mkufunzi wa hisabati, mtu mpole mwenye meno makubwa. Alichomoa mrija wake kwenye mfuko wa koti. Siku hizo wanaume wengi walikuwa na mirija yao wenyewe, kwa usafi na kwa woga pia. "Mnamwonea," akasema. "Nitasogongera mimi." Akapiga goti, akavuta. Akakunja uso.

"Leo kali hii. Chungu."

Watu wakacheka kwa shida. Angeweza kuacha pale. Lakini alikuwa ameshamtetea, na mtu akishakutetea mbele za watu haachi nusu. Akavuta tena, na tena, ndefu, akafuta mdomo, akamwambia Domitila, "Asante, mama."

Kabla wengine hawajakubaliana nani afuate, Mwalimu alianza kutokwa jasho. Mate yakamjaa mdomoni. Nilitangulia mbio kufungua zahanati, wakamleta wamembeba juu ya mlango.

Nilimnusa kwanza. Alinuka kitunguu saumu kilichooza, na pale kwenye sherehe hapakuwa na kitunguu cha aina yoyote. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma, nyama za mashavu zinachezacheza. Ilikuwa dawa ya wadudu, sikuwa na shaka. Kwa sumu hiyo unachoma atropini, unarudia, unarudia, mpaka mdomo ukauke na mboni zifunguke. Nilikuwa na ampuli sita. Nilizichoma zote sita. Gari lilikwenda hospitali kuleta nyingine, na barabara yetu mnaijua wakati wa mvua. Gari liliporudi nilikuwa nimeshamfunika shuka.

Ampuli sita. Ndiyo maana mlinicheka miaka yote kwa kuhesabu atropini kila Ijumaa hata pale ambapo hakuna aliyeitumia. Chekeni tu.

Nilimvua nguo, nikazifunga kwenye mfuko pamoja na mrija uliokuwa bado umebanwa na vidole vyake. Nikaweka kwenye debe, nikafunika, bila kufikiri, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Afande wa upelelezi alipokuja nilimwonyesha debe. Alichungulia zile nguo zenye matapishi, akafunika haraka. "Hayo baki nayo, Sista."

Huko nyuma ya bwalo, kwa hofu, watu walikuwa wamemwaga pombe yote na kuvunja mtungi. Domitila alikuwa amefungwa kamba. Nyumba yake ingechomwa jioni ile kama katekista hangesimama mlangoni. Watoto wake walihamia kanisani.

Afande Mrisho, mpelelezi, alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu safi ambaye pombe hakuwahi kuigusa maishani. Lakini ndani ya siku mbili alikuwa ameshakuwa bingwa wa kusogongera. Alikuwa na swali moja tu, na alilirudia kwa kila mtu: kwa nini hakuonja? Domitila hakujibu. Kosa lenyewe ni la kunyongwa, na yeye ananyamaza.

Nilikwenda kumwona mahabusu Kasulu. Nilikuwa nimebeba vidonge vya kumalizia siku zake saba, nimevisokota kwenye karatasi; nilimwambia askari wa zamu ni vya kichwa. Hakuna aliyeniuliza kichwa cha nani.

"Domitila," nikasema kwenye nondo, "niruhusu niseme. Nitamwambia Afande peke yake."

"Afande ataandika. Akiandika, itasomwa mahakamani. Nestori atakuwa amekaa pale."

"Watakunyonga, mama."

"Oya, Sista." Alisema hiyo "hapana" ya kwao pole pole kama anayembembeleza mtoto. "Wakininyonga, watoto wangu wana baba na wana shamba, na mama yao alionewa. Ukisema, wana mama malaya, na wanarudishwa kwa mjomba. Niapie."

Niliapa. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema. Niliapa kwa sababu alikuwa na haki, na kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemkataza hata tone.

Nje nilimkuta Nestori amekaa juu ya tofali, kofia mikononi. Akasimama.

"Sista, wewe ni mwanamke mwenzake. Mbona hakuonja? Mimi mwenyewe sasa naogopa kula chakula nilichokuta chunguni mwake."

"Sijui, Nestori," nikasema. "Sijui." Nikapita.  Niliogopa huruma yangu kwake itanifungua mdomo, na wakati huo huo nilitamani kumpiga kwa mwavuli niliokuwa nao.

Siku zikaenda. Nilipungua uzito, nikaanza kukosea hesabu za dawa, nikawa nafunga kabati mara tatu. Daftari la kijani nililitoa chini ya mashuka nikalificha ndani ya gunia la mchele, nikaliota limepikwa. Msinicheke hapo.

Mlango wa kesi ile ulifunguliwa na kuku. Mpishi wa chuo, Mzee Kagoma, alikuja kufunga kidole alichojikata, akawa analalamika jinsi mambo yalivyoharibika tangu msiba. "Hata kuku wangu siku ile walilewa. Walikula machicha yote ya ile pombe iliyomwagwa. Jogoo alilala katikati ya njia kama mwenye nyumba."

Niliacha bandeji ikining'inia. "Walikufa wangapi?"

"Wafe kwa nini? Wote saba wapo. Wameanza na kutaga."

Nilimwomba anipeleke kuwaona. Nilisimama nyuma ya jiko nikawahesabu kuku saba na machozi yananitoka, na Mzee Kagoma akadhani kidole chake kimenitisha. Kuku hawezi kunusurika kwenye kitu kilichomwua mwanamume mzima kwa mivuto mitatu. Pombe ilikuwa safi. Basi sumu ilitoka wapi kati ya mtungi na mdomo?

Nilirudi mbio nikafungua debe. Nguo zilikuwa zimeoza, sitaeleza. Mrija niliuchukua kwa kibanio, nikaunusa tundu lake. Kitunguu saumu. Nilimimina maji ya sukari kijiko kimoja ndani yake, nikayakinga kwenye kisosi, na kisosi cha pili nikakiweka maji ya sukari matupu. Zahanati yetu haikuwahi kupungukiwa nzi. Baada ya muda mfupi kisosi kimoja kilikuwa na nzi wanaokula, na kingine kilikuwa na nzi waliolala chali. Mzee Ntakije angefurahi.

Afande Mrisho alisikiliza habari za kuku mpaka mwisho. "Sista, kuku si mashahidi." Nikamwonyesha visosi. Akavua kofia.

Tulikwenda wote kwa mjane. Mama Ruhuza alikuwa mlokole, mtu wa sala, na nyumba yake haikuwa na hata kizibo cha chupa. Afande akamuuliza mumewe aliweka wapi mrija wake.

"Hapa hakuuleta kamwe," alisema. "Nilimwambia kitu cha pombe hakitavuka kizingiti changu. Aliuweka stoo ya shamba la chuo, juu kwenye boriti." Halafu akatuangalia mmoja mmoja, akaona jambo kwenye nyuso zetu. "Kwani kuna nini huko stoo?"

 Nilimshika mkono tu.

Mwenye stoo alikuwa Filbati, msimamizi wa shamba, kijana wa miaka thelathini hivi, mchapakazi. Ndiye aliyechimba kaburi la Mwalimu karibu peke yake, watu wakamsifu kwa upendo. Tulimkuta anachambua mbegu. Chini ya boriti ile ile, kwenye rafu, palikuwa na dumu la dawa ya wadudu wa kahawa, na kando yake bomba la kupulizia.

"Dumu zito hivi," Afande akasema, "dawa unaihamishaje?"

"Kwa kikombe."

"Kikombe kiko wapi?"

"Kilipasuka."

"Kilipasuka lini?"

 Filbati alikaa juu ya gunia, mbegu zikamwagika miguuni. Hakumtazama Afande, alinitazama mimi.

"Niliuosha, Sista," akasema. "Nilivuta dawa kidogo tu kwa mrija wa Mwalimu, mpaka ikaanza kushuka yenyewe kwenye bomba, nikatema. Nikauosha kwa maji mara mbili. Nikaurudisha palepale asijue. Mungu wangu, niliuosha."

"Na huyu mwanamke aliyeko ndani?" Afande akauliza.

"Nilikuwa nasema kesho nitasema. Kila siku nasema kesho."

Nilimchukia, na nikamwelewa, vyote pamoja. Mimi pia nilikuwa na langu la kesho ndani ya gunia la mchele. Mrija ulipelekwa kupimwa, majibu yakarudi vilevile kama nzi walivyosema. Filbati alishitakiwa kwa kuua bila kukusudia, akafungwa, akatoka, akahamia mbali. Domitila alirudi kwake baada ya wiki saba mahabusu, na tangu siku hiyo kila mtu alidai kwamba yeye hakuwahi kumshuku.

Siku anaachiliwa nilikuwepo. Nestori alikuwepo, amevaa koti la harusi. Afande alimrudishia kanga na rozari yake, kisha akashindwa kujizuia.

"Mama, kesi imekwisha, siandiki kitu. Niambie tu. Kwa nini hukuonja?"

 Domitila alijifunga kanga taratibu, akaikaza.

"Sikuwa na kiu," akasema.

Na hilo ndilo jibu alilompa mumewe pia, miaka yote, mpaka walipomzika Nestori mwaka wa kabla ya huu. Baada ya matanga alinijia mwenyewe akaniambia, "Sasa unaweza kuandika. Andika vizuri."

Kwa hiyo nimeandika, na fundisho lake kwenu ni fupi. Mnapomkataza mgonjwa kitu, msimalize kwa kusema "umeelewa?" Kila mtu huelewa. Muulizeni kile kitu anakifanyia nini, mbele ya nani, na atajibu nini wakimwuliza. Inachukua dakika mbili. Watoto wa chanjo watangoja, hakuna mtoto aliyewahi kufa kwa kulia.

Kumebaki kitu kimoja, ambacho ninyi mlikiona lakini hamkukijua. Siku mliponiaga, pale uwanjani, Domitila alikuja na mtungi. Ni bibi sasa, mtungi alibebewa na wajukuu. Aliutua mbele yangu, akafunua, akaingiza mrija, akaonja kwa kirefu huku amenikazia macho, na watu wakapiga makofi. Halafu akanipa mimi mrija.

Jino lilikuwa limenisumbua wiki nzima. Nilikuwa siku ya nne ya vidonge vilevile nilivyompa Domitila zamani, vya siku saba. Wafanyakazi wote, mkurugenzi, mchungaji, wote walikuwa wananitazama, na mimi nimeshika mrija wa Domitila na sinywi.  Ningeweza kusema ni jino, jino halina aibu yoyote, lakini ulimi ulikuwa umekufa mdomoni. Nikamtazama.

Alinisoma, ikamchukua muda mfupi tu. Akautwaa mrija mkononi mwangu, akapiga goti taratibu kwa sababu ya magoti yake mabovu.

"Sista hana kiu leo," akawaambia watu wote kwa sauti, akanywa sehemu yangu.